USIZIBE, ZIBUA: Maji yanayovuja kwenye paa la gari lako

Na Mwandishi Wetu, Uingereza

KILA ikifika Oktoba hapa Uingereza, majani yakaanza kupukutika na mvua za rasharasha zikashika zamu, Waswahili wenye magari huanza kupigiana simu. Mmoja atasema gari lake linanuka kama nguo zilizosahauliwa ndani ya beseni. Wa pili atasema kapeti la upande wa abiria limelowa chapachapa na hajui maji yameingia saa ngapi. Wa tatu atakuambia alifunga breki kwenye taa nyekundu, maji ya baridi yakamwagika utosini.

Ukiwadadisi utakuta magari yao wote watatu yana dirisha la paa, lile ambalo wengi tunaliita sanrufu. Na ukimuuliza jirani, pengine hata fundi wa pembeni, jibu ni moja: "Mpira umekufa huo. Tia silikoni, ziba."

Ndugu msomaji, ushauri huo umeharibu magari mengi. Wahenga walitufundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa nyumba methali hiyo ni ya kweli. Kwa sanrufu mambo mara nyingi ni kinyume. Hakuna ufa wa kuziba. Kuna njia ya maji iliyoziba, na dawa yake ni kuzibua. Kazi yenyewe haihitaji diploma wala gereji kubwa. Inahitaji kikombe cha maji, uzi wa nailoni na subira ya saa moja.

Kwa mwenye magari matatu uani hili ni jambo dogo. Kwa wengi wetu huku ughaibuni gari ndiyo kazi. Yuko mama anayetunza wazee majumbani, anayetoka nyumba hii kwenda ile kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Yuko kijana anayesambaza vifurushi, na baba mwenye zamu ya usiku kwenye ghala ambako basi halifiki. Gari likizimika, mshahara umezimika, na zile fedha za kila mwezi za nyumbani nazo zimezimika. Ndiyo maana nimeona tulizungumze kwa urefu.

SANRUFU HAIKUUNDWA KUZUIA MAJI YOTE

Wengi wetu tunadhani ule mpira unaozunguka kioo cha paa ni kama kizibo cha chupa. Sivyo. Mpira unapunguza maji, upepo na kelele, lakini waliounda gari wanajua tangu mwanzo kwamba maji kiasi yatapita. Kwa sababu hiyo, chini ya kioo, kuzunguka fremu, wameweka mfereji mwembamba mfano wa ule wa kukingia maji ya paa la bati. Kwenye pembe za mfereji huo kuna matundu. Kwa kawaida ni mawili mbele, na katika magari mengi mengine mawili nyuma. Kila tundu limeunganishwa na mrija mwembamba wa mpira au plastiki.

Mirija ya mbele inashuka ndani ya zile nguzo zinazoshika kioo cha mbele, kisha inatokea karibu na bawaba za mlango au ndani ya madigadi, nyuma ya tairi. Ya nyuma inapita ndani ya nguzo za nyuma na kutokea karibu na tairi la nyuma au ndani ya bampa. Mwisho wa mrija mara nyingi huwa na kifuniko cha mpira chenye mdomo mwembamba mfano wa mdomo wa bata. Kinaruhusu maji kutoka na kuzuia wadudu na vumbi kupanda. Hapo ndipo uchafu hupenda kukwama.

Gari likiwa zima, mvua inanyesha, maji yanaingia kwenye mfereji, yanashuka na kutoka chini bila dereva kujua lolote. Mrija ukiziba, mfereji unajaa kama karai. Ukifunga breki, ukikata kona au ukiegesha kwenye mteremko, karai linamwagika. Maji yanapita juu ya kitambaa cha dari, yanafuata nguzo, yanaingia chini ya kapeti.

Sasa fikiria umezungushia silikoni pale juu. Kwanza, dirisha halifunguki tena. Pili, paa hutanuka juani na kusinyaa kwenye baridi, kwa hiyo silikoni huachia baada ya muda na maji yakapita upya. Tatu, vipande vyake huanguka ndani ya mfereji ule ule na kuongeza uchafu. Umelipia kuziba, na ulichokiziba ni njia ya kutokea.

UCHAFU UNATOKA WAPI

Hapa Uingereza mitaa mingi ina miti pande zote mbili, na wengi wetu hatuna gereji, tunaegesha barabarani. Katika majira ya machipuko miti hudondosha chavua na mbegu laini. Katika majira ya kupukutika hudondosha majani yanayooza na kuwa tope jeusi. Unyevu nao huotesha ukungu wa kijani kwenye mipira ya madirisha, na ukungu huo hukatika vipande na kushuka na maji.

Kwa ndugu zetu walioko Muscat, Dubai na Doha adui ni vumbi. Miezi mingi inapita bila mvua. Vumbi la jangwani linalala kwenye mfereji na ndani ya mirija, na mvua ya kwanza inalifanya udongo wa mfinyanzi. Tarehe 16 Aprili 2024 Falme za Kiarabu zilipata mvua kubwa kuliko zote tangu kumbukumbu zianze kuwekwa mwaka 1949. Kituo kimoja cha eneo la Al Ain kilipima milimita 254.8 katika muda usiofika saa 24. Mrija uliojaa vumbi hauna la kufanya mbele ya maji ya namna hiyo.

Na nyumbani? Kivuli ni mali, kwa hiyo gari linawekwa chini ya mwembe au mwarobaini. Maua ya mwembe na vijani vya mwarobaini ni vidogo kiasi cha kupenya popote. Ongeza vumbi jekundu la barabara isiyo na lami, halafu subiri masika ya Machi.

HATA MAHAKAMA ZIMELISIKIA

Asije mtu akakwambia tatizo hili ni la magari chakavu ya watu wasio na uwezo. Nchini Marekani wamiliki wa magari ya Volkswagen na Audi walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho ya New Jersey wakidai kwamba sanrufu za baadhi ya modeli zina kasoro ya kimuundo, na kwamba mirija ikizibwa na chavua na takataka za miti maji huingia ndani. Maafikiano yaliyoidhinishwa mwaka 2010 yaliweka mfuko wa dola milioni 8 wa kurudishia watu gharama za matengenezo. Baadhi ya wamiliki walipaswa kupewa maelezo ya jinsi ya kutunza mirija hiyo.

Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ilitengua maafikiano hayo. Sababu haikuwa maji. Ilihusu namna makundi ya walalamikaji yalivyowakilishwa, maana wengine walitangulizwa kwenye ule mfuko na wengine wakaambiwa wasubiri kitakachobaki. Baadaye yalirekebishwa na kupitishwa upya. Somo kwetu ni kwamba katika kesi nzito kama hiyo, yenye mawakili wa pande zote, chanzo kilichotajwa ni chavua na takataka za miti.

DALILI ZA MAPEMA

Maji kudondoka kichwani ni dalili ya mwisho. Zipo zinazotangulia. Vioo kufanya ukungu kwa ndani kila asubuhi hata kama jana ulikuwa peke yako garini. Harufu ya uvundo unapowasha hita. Doa la kahawia kwenye pembe za kitambaa cha dari au juu ya nguzo ya mbele. Sauti ya maji yakicheza juu ya kichwa ukikata kona. Kapeti linaloonekana kavu juu, lakini ukilikandamiza kwa kiganja linatoa maji, kwa sababu chini yake kuna sponji nene inayonywa kama godoro.

Dalili mbaya zaidi ni taa za dashibodi zinazowaka bila mpango, madirisha yanayojifungua, au betri kufa kila baada ya siku mbili. Magari ya sasa yana nyaya nyingi chini ya kapeti, na baadhi yana visanduku vya kompyuta chini ya viti au pembeni ya buti. Maji yakikaa pale, soketi hufanya kutu ya kijani, na hapo bili inaanza kuongezeka tarakimu. Taa ya onyo ya mifuko ya hewa, ile inayofumuka ajali ikitokea, ikibaki inawaka, gari halipiti ukaguzi wa MOT hapa Uingereza. Wakati huo huo ukaguzi huo hauangalii mirija ya sanrufu. Kwa maneno mengine, mkaguzi atakuangusha kwa matokeo na hatakuambia chanzo.

Bima nayo usiitegemee sana. Kwa kawaida haigusi uharibifu wa polepole uliotokana na kukosa matunzo.

SI KILA MAJI NI YA SANRUFU

Kabla hujapanda juu ya paa, hakikisha. Kama maji yanatokea siku za jua unapotumia kiyoyozi tu, na ni maji safi upande wa miguu ya abiria, huenda mrija wa kutolea maji ya kiyoyozi ndio umeziba. Kama majimaji yanateleza mkononi, yana harufu tamu na kioo cha mbele kinashika utando wa mafuta, hiyo ni dawa ya rejeta inayovuja kwenye hita ya ndani. Usizembee, maana injini inaweza kuchemka. Kama boneti ukiifungua unaona majani yamejaa chini ya kioo cha mbele, pale panapokaa waipa, basi maji yanaweza kuwa yanaingilia kwenye feni ya hewa. Na kama kilicholowa ni kando ya mlango peke yake, angalia nailoni iliyo ndani ya mlango.

Ukitaka kuwa na hakika, kausha gari, liache siku moja bila kiyoyozi, halafu fanya jaribio la kikombe.

KUZIBUA, HATUA KWA HATUA

Egesha mahali tambarare. Fungua sanrufu yote. Kwa kitambaa chenye unyevu futa mfereji wote kuzunguka fremu, na utoe majani kwa vidole. Usiyasukumie kwenye tundu. Tumia tochi kuyatafuta matundu. Ya mbele yako kwenye pembe za mbele kabisa. Ya nyuma katika baadhi ya magari hayaonekani kwa urahisi, na hapo kitabu cha gari kitakusaidia.

Mimina maji kidogo kidogo karibu na tundu moja, kikombe kimoja tu. Mwambie mwenzako achungulie chini, kwenye bawaba za mlango na nyuma ya tairi la upande huo. Maji yakitoka kwa kasi, mrija huo ni mzima. Nenda wa pili. Yakitoka matone matone, umeziba nusu. Yakikaa pale pale, umeziba wote. Acha kumimina, yanyonye kwa sponji.

Mrija ulioziba anza nao kutoka chini. Tafuta kile kifuniko chenye mdomo wa bata, kiminye kwa vidole taratibu. Mara nyingi tope linachuruzika papo hapo na kazi imekwisha. Kama bado, chukua uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine ya kukatia majani. Walioko pwani watumie mshipi mnene wa kuvulia samaki wakubwa. Choma ncha yake kidogo kwa kiberiti iwe butu, kisha iache ipoe. Uingize kutoka juu ukiuzungusha polepole. Ukigonga kitu, usilazimishe. Vuta nyuma kidogo, zungusha, rudi tena. Ukishapita, mimina maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, kisha maji safi, mpaka yatoke wazi chini.

Njia nyingine iliyo salama ni mashine ya kufyonza inayokubali maji. Ishikize kwenye tundu la juu, zungushia kitambaa ili hewa isipotee, ifyonze. Usitumie ile ya kawaida ya nyumbani ya vumbi kavu, maana umeme na maji havina urafiki.

Mambo matatu usiyafanye. La kwanza, usitumie waya wa hanga wala spoku ya baiskeli. Ukitoboa mrija ndani ya nguzo, maji yataingia garini moja kwa moja na hutaona tundu liko wapi. La pili, usipige upepo wa kompresa kwa nguvu zote. Mirija mingi imechomekwa tu kwenye shingo yake, na presha kubwa huichomoa juu ya dari au chini ndani ya nguzo. Maji yatashuka, utafurahi, na yote yataishia kwenye kapeti. La tatu, usibandue plastiki za nguzo wala dari kama hujui, kwa sababu katika magari mengi mifuko ya hewa ya pembeni imekunjwa pale pale. Mrija ukiwa umechomoka au kupasuka, hiyo ndiyo kazi ya kumpelekea fundi. Mwambie waziwazi: "Naomba uangalie mirija ya sanrufu." Usimwambie tu kwamba gari linavuja.

Hili la kumwambia fundi waziwazi lina maana kubwa. Gereji moja, sitaitaja, ilinipa hesabu ya kubadilisha sanrufu nzima, kioo na fremu, kwa bei iliyokaribia thamani ya gari lenyewe. Fundi hakumimina hata kikombe kimoja cha maji. Nililichukua gari langu, na mirija miwili ya mbele ikatoa tope la majani kiasi cha kujaza kijiko. Wengi wetu, hasa wageni wa lugha, tunaona haya kumhoji fundi. Kuuliza "umejuaje?" si ukosefu wa adabu.

KUKAUSHA NI NUSU YA KAZI

Ukizibua na ukaacha kapeti limelowa, umefunga bomba na kuacha nyumba na mafuriko. Sponji iliyo chini ya kapeti inaweza kukaa na maji kwa wiki kadhaa. Huko chini chuma kinaliwa na kutu, na kuvu linaota. Mwenye pumu, na hasa watoto tunaowapeleka shule kila asubuhi, watakuwa wakivuta hewa hiyo.

Fyonza maji kwanza. Inua kapeti kadiri linavyoinuka, weka kitu chini yake hewa ipite, elekeza feni, au wacha mashine ya kuondoa unyevu ndani ya gari lililofungwa usiku kucha. Nyumbani jua la saa sita linatosha, milango ikiwa wazi. Kama ni lazima kutoa kiti, zima gari, chomoa betri na usubiri kabla ya kugusa nyaya zilizo chini yake, kwa sababu baadhi ni za mifuko ya hewa. Usiwashe gari mpaka plagi zote zimerudi.

GARI LA KUPELEKA NYUMBANI

Sisi wengine kwa sasa hatuwezi kurudi nyumbani, kwa sababu ya tulichoandika au tulichosema. Gari tunalomtumia mama au kaka ndilo linalofika kwa niaba yetu. Kwa hiyo litazame vizuri kabla halijapanda meli. Gari lililofungwa vioo na kapeti bichi, likakaa wiki kadhaa baharini kwenye joto, litashuka Dar es Salaam au Mombasa limeota kuvu hadi kwenye mikanda. Atakayelipokea hatakuambia, kwa heshima. Atasema tu ahsante, kisha ataanza safari za kwa fundi umeme.

Kenya hairuhusu kuingiza magari yaliyotumika yenye umri unaozidi miaka 8. Maana yake yanayoingia huko ni ya karibuni, na magari ya karibuni ndiyo yenye vioo vikubwa vya paa na kompyuta nyingi. Wanaonunua Japan kwa kutazama picha, kwenye karatasi ya mnada herufi SR humaanisha gari lina sanrufu. Ukiziona, usifurahie urembo tu. Uliza hali ya ndani, omba picha za pembe za dari na za sakafu ya buti chini ya tairi la akiba.

Ukiwa na gari mbele yako, kandamiza kapeti la miguu yote minne. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho uone kama una mstari wa maji. Angalia reli za viti kama zina kutu. Nusa kabla muuzaji hajawasha kiyoyozi. Pafyumu nyingi garini nayo ni taarifa. Kisha omba kikombe cha maji. Muuzaji mwenye gari safi hatakunyima.

Baada ya hapo ni mazoea tu. Kwa walioko Uingereza na nchi za baridi, futa mfereji na ujaribu kikombe mara mbili kwa mwaka, mwisho wa machipuko na majani yakishamaliza kuanguka. Asubuhi za barafu usilazimishe sanrufu kufunguka, utaharibu mpira na mota. Kwa walioko Ghuba, fanya kabla ya majira ya mvua na kila baada ya tufani ya mchanga. Kwa walioko nyumbani, Februari kabla ya masika, na Septemba kabla ya vuli.

Na fundi akikujia na bomba la silikoni mkononi, mkaribishe chai kwanza, kisha mpe kikombe cha maji amimine juu. Chini kukiwa kukavu, mwambie afungue njia kabla ya kuifunga.